Mwajiri Asiyejua: Marekani na Vibarua Wasio na Hati

Machi 1952 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya kumwadhibu kila amsitiriye mgeni aliyeingia nchini bila ruhusa, na adhabu yake ilikuwa faini ya hadi dola 2,000, au kifungo cha hadi miaka mitano, au yote mawili, kwa kila mgeni mmoja. Walakini wenye mashamba wa Texas, ambao neno lao lilikuwa zito katika baraza lile, walihakikisha kwamba ndani ya sheria iyo hiyo pametiwa sharti lisemalo kuwa kumwajiri mgeni huyo, pamoja na yote yafuatanayo na ajira, hakutahesabiwa kuwa ni kumsitiri. Hivyo aliyemlaza mgeni barazani kwake kwa huruma aliweza kufungwa, na aliyemlaza bandani ili kukipambazuka akachume pamba alisalimika.

Sharti hilo la Texas halikuzuka ghafla. Tangu 1942, vita vilipowachukua vijana wa mashambani, Marekani ilikuwa imepatana na Meksiko kuletewa vibarua kwa mikataba, nao wakiitwa braceros. Lakini mkataba ulidai ujira maalumu, malazi na nauli, na wengi katika wenye mashamba waliona heri yule avukaye mto usiku, asiye na pa kushitakia. Serikali yenyewe haikuwa mbali na mwenendo huo. Oktoba 1948, huko El Paso, mapatano ya ujira yalipokwama, maafisa wa uhamiaji waliwafungulia mpaka maelfu ya watu, wakawakamata kwa jina tu, kisha wakawakabidhi kwa wenye mashamba waliokuwa wakiwangojea na malori. Meksiko ikaghadhibika, ikauvunja mkataba, ingawa baadaye ulifanywa upya.

Mwaka 1954 likaja sako kubwa, chini ya Jenerali mstaafu Joseph Swing, mkuu wa idara ya uhamiaji, nalo lilipewa jina la tusi walilotukanwa waliovuka Rio Grande kwa kuogelea, jina ambalo serikali haikuona haya kuliandika katika karatasi zake. Watu walikusanywa mashambani na mitaani, wakapakiwa katika mabasi, magari moshi na hata meli zilizotoka Port Isabel kwenda Veracruz. Idara ilijigamba kuwa zaidi ya watu milioni moja wameondoka, hesabu ambayo wanahistoria wameitilia shaka kubwa. Lisilosimuliwa sana ni kwamba Swing aliwaahidi wenye mashamba braceros wa kutosha, na ahadi akaitimiza, kwani kufikia 1956 walioletwa kwa mkataba walipindukia 445,000 kwa mwaka. Mwenye shamba, basi, hakukosa mtu.

Mkataba ulikoma 1964, na wahitaji wa kazi hawakukoma kuja. Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Reagan alitia sahihi sheria iliyowapa hati watu wapatao milioni 2.7, na iliyomtoza faini mwajiri kwa mara ya kwanza, tangu dola 250 hadi 2,000 kwa kila kibarua katika kosa la mwanzo. Lakini ilimshika yule tu aliyeajiri hali anajua, nayo ikamridhia atazame hati na kuipokea madhali yaonekana kuwa ya kweli. Biashara ya vyeti vya kughushi ikastawi, na wenye kampuni wakajifunza kukodi watu kupitia kwa makandarasi, ili ujuzi huo, ikiwa ni hatari kuwa nao, ubaki kwa mwingine.

Mei 12, 2008, maafisa walivamia kiwanda cha nyama cha Agriprocessors huko Postville, Iowa, wakakamata watu 389, wengi wao kutoka Guatemala. Mahakama iliwekwa katika uwanja wa maonyesho ya ng'ombe mjini Waterloo, na washitakiwa wakaletwa kwa makundi. Walitishwa kwa shitaka la kuiba vitambulisho, lenye kifungo cha lazima cha miaka miwili, hivyo karibu wote wakakubali makosa mepesi zaidi na kufungwa miezi mitano. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba shitaka hilo halisimami pasipo kuthibitika kuwa mshitakiwa alijua nambari aliyoitumia ni ya mtu mwingine. Lakini wa Postville walikuwa wamekwisha kutumikia vifungo. Baadhi ya wasimamizi wa kiwanda walitiwa hatiani. Mkuu wao alihukumiwa miaka 27 kwa kuilaghai benki, na mashitaka yake ya uhamiaji yakafutwa.