Kutoka Castor hadi Tomi: Majina ya Mbwa Uzaramoni tangu Robo ya Mwisho ya Karne ya 19

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley ulitoka Bagamoyo kuelekea bara. Pamoja na Waingereza watatu na mamia ya wapagazi, msafara huo ulikuwa na mbwa watano walioletwa kutoka Uingereza: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Castor hakufika mbali. Jua la mrima lilimwua zikiwa zimesalia saa mbili tu za mwendo kufika Kikoka, ng'ambo ya mto Kingani, ambao sehemu yake ya juu wakazi wa Kibaha na Kisarawe wanauita Ruvu. Captain naye alikuwa hoi, na wale watatu waliobaki walikuwa wakihema tu. Stanley aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1878, tena kwa majina kamili, ilhali wapagazi wengi waliokufa katika safari ileile hawakupata heshima hiyo.

Majina hayo matano yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna mchanganyiko wote wa utoaji majina ya mbwa katika Uingereza ya Malkia Victoria. Castor ni jina la pacha mmoja katika visasili vya Wayunani, na pia ni jina la nyota. Nero alikuwa mfalme wa Roma aliyesifika kwa ukatili. Captain ni cheo, na Bull ni umbo la mbwa mwenyewe, mwenye shingo ya fahali. Jack ni jina la mtu, tena mtu wa kawaida: ni namna ya kumwita John kwa mazoea. Mwaka huohuo wa 1874 chama cha Kennel Club cha London, kilichoanzishwa mwaka uliotangulia, kilitoa kitabu chake cha kwanza cha nasaba za mbwa. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba mbwa wengi mno walikuwa na jina moja, kiasi cha kuvuruga kumbukumbu za mashindano, na mwaka 1880 ukawekwa utaratibu wa kusajili majina. Kwa Mwingereza mwenye nafasi, basi, jina la mbwa lilikuwa limekuwa mali yenye hati, kama shamba.

Uzaramoni jina lilikuwa jambo jingine kabisa. Ikumbukwe kuwa katika eneo linaloitwa leo Kibaha na Kisarawe mbwa alikuwa na kazi mbili kubwa, kuwinda na kulinda shamba. Nguruwe mwitu, nyani na ngedere ndio adui wakubwa wa mihogo na mpunga, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikuwa karibu mno na mashamba. Methali isemayo kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia haikutungwa na watu wasiomjua mbwa. Uislamu ulipoenea kutoka pwani, mbwa hakufukuzwa, bali alipangiwa mahali. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi katika mwambao huu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba anaruhusiwa. Anakaa nje, anapewa kazi, na anaitwa kwa jina.

Anaitwa kwa jina gani? Hapo ndipo penye mgogoro. Jina la mtu si sauti tupu. Mjukuu hupewa jina la babu yake, naye kwa jina hilo humrudisha babu nyumbani. Majina ya Mitume na masahaba yana utukufu wao. Neno lenyewe mbwa ni tusi likielekezwa kwa mtu, na kumpa mbwa jina la mtu ni tusi hilohilo lililogeuzwa upande. Pengine mtani pekee ndiye angeweza kuthubutu, Mnyamwezi kwa Mzaramo au Mzaramo kwa Mnyamwezi, na hata yeye angekuwa anacheza karibu na moto.

Kwa hiyo kuna kisa kimoja katika safari ya kwanza ya Stanley, ile ya kumtafuta Livingstone, ambacho wanahistoria wamekipita bila kukitilia maanani. Mbwa mlinzi aliyetoka naye Bagamoyo Machi 1871, na kufia njiani, aliitwa Omar. Mwenye mbwa hakukusudia tusi lolote. Kwa masikio yake jina hilo lilikuwa na ladha ya mashariki na basi. Lakini msafara ule ulikuwa na waungwana wa Unguja na watu wa mrima, Waislamu, ambao kwao Omar ni khalifa wa pili wa Waislamu. Kila jioni kambini jina hilo liliitwa kwa ajili ya mnyama ambaye mate yake huoshwa mara saba. Umbali kati ya desturi mbili za majina haujapata kuonekana waziwazi kuliko hapo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mapokeo ya Kiislamu hayana mbwa mwenye jina. Sura ya Al-Kahf inawataja watu wa pangoni na mbwa wao aliyelala kizingitini amenyoosha miguu ya mbele. Kurani haimtaji kwa jina, bali wafasiri wengi wamemwita Kitmiri. Neno hilo limo katika Kurani mahali pengine, katika sura ya Fatir, kwa maana ya utando mwembamba unaofunika kokwa ya tende, yaani kitu kidogo kisicho na thamani. Mbwa bora kuliko wote katika mapokeo hayo anaitwa kwa jina ambalo si la mtu.

Jina la mbwa lisilo la mtu hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuazima kwa wanyama wengine: Simba, Chui. Hapa pana kejeli ndogo, maana chui hasa ni mlaji wa mbwa, na mwenye mbwa humpa mnyama wake jina la yule atakayemla. Njia ya pili ni fumbo. Msomi William Samarin alipochunguza majina ya mbwa miongoni mwa Wagbeya wa Afrika ya Kati, katika makala aliyoichapisha mwaka 1965, alionyesha kuwa mengi ni maneno yanayoelekezwa kwa majirani: malalamiko, maonyo, masimango. Mswahili hana haja ya kufafanuliwa utaratibu huo. Kanga, ambayo ilishamiri katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya karne ya 19, ina maandishi ambayo wavaaji wengi huyaita jina la kanga, na jina hilo husema kwa jirani yale ambayo kinywa hakiwezi kuyasema. Mtu anayemwita mbwa wake Sijali, akalipaza jina hilo kila machweo mbele ya ua wa jirani, amesema sentensi kamili yenye kiambishi cha nafsi na cha ukanushi, wala hawezi kushtakiwa barazani. Alikuwa anamwita mbwa.

Katika mazingira hayo ndipo Wazungu walipokuja kukaa, si kupita tu. Wamisionari Wabenediktini walifungua kituo Pugu mwaka 1888, nacho kikashambuliwa na kuharibiwa Januari 1889 wakati wa vita vya pwani. Misheni ya Kilutheri kutoka Berlin ilianza Kisarawe mwaka 1892. Kilima walichojenga wakakiita Hoffnungshöhe, yaani kilele cha tumaini. Jina hilo liliandikwa katika ramani na taarifa, lakini halikupata kinywa cha kuliita, na mji ukabaki Kisarawe. Hatima ya majina ya mbwa wa Wajerumani ilikuwa hiyohiyo. Bismarck mwenyewe, aliyeipatia kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi Februari 1885, alikuwa na mbwa mkubwa aliyejulikana Ujerumani nzima kwa jina la Tyras. Hakuna Tairasi Kisarawe. Kijerumani kilikiachia Kiswahili shule, na hela kutokana na sarafu iliyoanza kutolewa mwaka 1904, kwa kuwa vitu hivyo vilimgusa kila mtu. Mbwa wa bwana mkubwa alimgusa mtunza mbwa tu, au aliyekimbizwa naye.

Majina yaliyobaki yalikuja na Waingereza, walioshika Dar es Salaam Septemba 1916 na kuondoka mwaka 1961. Miongoni mwa majina yanayosikika mara kwa mara Kibaha na Kisarawe, kama kwingineko Tanzania, ni Tomi, Jimi, Bobi, Jeki na Popi. Haya ni majina ya enzi ya Victoria kwa asili na kwa roho: Tommy ni Thomas, na pia ni jina la utani la askari wa Kiingereza, Jimmy ni James, Bobby ni Robert, na kule kwao ni jina la utani la polisi pia. Mbwa maarufu wa Edinburgh aliyekufa mwaka 1872, ambaye husimuliwa kuwa alilinda kaburi la bwana wake kwa miaka 14, aliitwa Bobby.

Kwa nini haya, na si Castor na Nero? Jibu la haraka litakuwa la kifonolojia. Majina haya yana silabi mbili wazi, mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, yaani ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyotaka, na irabu ya mwisho hurefuka vizuri mtu anapoita kwa mbali. Jack limefuata kanuni ileile iliyotoa begi, bendi na benki, na kwa hiyo limegongana na jeki ya kuinulia gari. Lakini jibu hilo halitoshi. Nero lina silabi mbili wazi na mkazo mahali pake, wala halihitaji kubadilishwa hata herufi moja. Hata hivyo halikushika.

Tofauti inaonekana kuwa katika njia ya mapokezi. Nero ni jina la mtu aliyesoma historia ya Roma. Tommy na Bobby yaliitwa uani kila siku, asubuhi na jioni, na waliokuwa wakiyaita kwa niaba ya bwana ni mpishi, boi na mlinzi, wengi wao wakitoka vijiji vya jirani na Dar es Salaam, vikiwamo vya Kisarawe. Waliyapokea kwa sikio. Ushahidi bora ni Popi. Wengi hudhani ni neno la Kiingereza la mtoto wa mbwa, lakini irabu ya neno lile hutoa a katika Kiswahili, kama katika basi, klabu na namba, lingekuwa papi. Lililosomwa kutoka kwenye maandishi lingekuwa pupi. Irabu o hutokana na o, kama katika ofisi, boksi na lori, na kwa hiyo asili iliyo karibu zaidi ni Poppy, jina la ua, mojawapo ya majina ya maua waliyopewa mabinti wa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19.

Kinyume chake ni mbwa mwingine wa zama hizo, ambaye picha yake ilifika pwani bila jina. Nipper alizaliwa Bristol mwaka 1884 na kufa mwaka 1895. Francis Barraud alimchora akisikiliza mashine ya kuchezea santuri, na kampuni ya Gramophone ikainunua picha hiyo mwaka 1899. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, mbwa huyo alikuwa ndiyo alama ya kampuni. Alizunguka katika mashine za nyumba nyingi za Waswahili, lakini jina lake halikuandikwa kwenye lebo wala kuitwa na yeyote, na kwa hiyo hakuna Nipa Uzaramoni.

Sababu ya pili ya kushika kwa majina haya ni nzito zaidi. Yalitatua ule mgogoro wa zamani. Tomi lilikuwa na sura ya jina, lenye ukaribu kama jina la mtu, lakini halikuwa jina la babu wa mtu yeyote Kisarawe. Lingeweza kuitwa kwa sauti bila kumgusa jirani. Kama kulikuwa na anayeguswa, alikuwa mbali au alikuwa bwana, na haielekei kuwa mpishi aliyempa mbwa wake jina la askari wa Kiingereza alilisikitikia jambo hilo.

Utatuzi huo ulidumu muda wote ambao wenye majina walikuwa wageni. Lakini ubatizo ulikuwa umekwisha kuleta akina Thomas na James wa kienyeji, Kisarawe na Maneromango. Shule za Pugu, na baadaye Sekondari ya Kibaha iliyofunguliwa mwaka 1965 chini ya mradi wa nchi za Nodiki, ziliwakusanya vijana wa mikoa yote, nao waliitana Tomi, Jimi na Bobi. Katika mji kama Kibaha, ambako Mchaga, Mzaramo na Msukuma hupakana ua kwa ua, mlinzi akipaza sauti usiku kumwita Tomi, anaweza kugeuka mbwa au akageuka baba wa watu. Tusi lililokimbiwa karne moja iliyopita limerudi kwa mlango wa nyuma.

Simba nalo si salama tena, tangu klabu ya Sunderland ya Dar es Salaam ilipojiita kwa jina hilo mwaka 1971. Mpenzi wa Yanga anayemwita mbwa wake Simba anarejea, kwa kujua au kwa kutojua, katika desturi kongwe ya fumbo, na jirani yake mwenye fulana nyekundu huelewa bila kufafanuliwa. Limebaki Popi. Ni nadra kumpata Mzaramo aliyebatizwa kwa jina la ua hilo, na mbwa mdogo mwekundu wa shambani Kisarawe huitwa hivyo asubuhi hadi jioni pasipo mtu kugeuka.