Pikapu ya mzee na petroli inayochemka

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi na safari hii sababu si seva. Sababu ni gari.

Mzee wangu ana Peugeot 504 pikapu, ya zile namba za kabla ya KAA. Kila asubuhi hubeba trei za mayai kutoka hapa Kahawa Wendani hadi Ruiru, siku nyingine hadi Thika. Nyumbani linawaka bila shida. Akifika Ruiru azime dakika kumi ashushe mzigo, halishiki tena ng'o. Likipoa dakika arobaini linawaka kama kwamba halikuwa na neno. Programa yeyote anamjua mdudu wa namna hii: fundi akija, ameshatoweka.

Kufikia hapo mzee alikuwa amenunua koili, plagi, kondensa na betri mpya. Mteja mmoja wa Thika alichoka kungoja mayai akatafuta mtu mwingine. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekuja mara mbili kulikagua. Nikamwomba baba wiki mbili.

Nikaanza kusoma, na nikagundua ugonjwa huu ni mzee kuliko baba mwenyewe. Injini ikizunguka, maji yanapita, feni inapuliza, na petroli baridi inaingia kila wakati. Ukizima, vyote hivyo vinasimama kwa pamoja lakini chuma bado ni cha moto. Kwa dakika kadhaa joto chini ya boneti hupanda badala ya kushuka. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi tu. Sasa angalia pampu ya zamani ilivyowekwa: imefungwa ubavuni mwa injini na inavuta petroli kutoka tangi la nyuma. Kuvuta kunapunguza mgandamizo, na kimiminika chenye mgandamizo mdogo huchemka upesi. Pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika inabaki kusukuma mvuke, yaani haisukumi kitu.

Juu ya hayo, sisi huku tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Petroli nayo haingoji.

Wahandisi waliijua shida hii na waliitibu kwa vitu vidogo vidogo: bati la kukinga joto, mpira wa petroli uliopitishwa mbali na ekzosi, na kipande kinene cha bakelaiti kati ya pampu na injini ili moto usivuke. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na haikuwa gari la kudharauliwa: ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, baada ya kaka yake 404 kushinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari la namna hiyo halikusahau joto.

Tiba kubwa ilikuja na sindano za petroli. Bosch walileta D-Jetronic ya elektroniki mwaka 1967, kisha K-Jetronic mwaka 1973. Pampu ikawa ya umeme na mgandamizo ukapanda, na petroli iliyobanwa haichemki ovyo. (Hata hivyo K-Jetronic ikawa na ukaidi wake wa kuwaka ikiwa moto! Bosch waliweka chombo maalum cha kuhifadhi mgandamizo baada ya kuzima, na kikichoka, unarudi palepale.) Baadaye pampu ikahamia ndani ya tangi lenyewe.

Hapa Kenya mageuzi hayo yalitufikia kwa meli. Biashara ya kuagiza magari ilipofunguliwa miaka ya 1990, Mombasa ikajaa magari yaliyotumika ya kutoka Japani, na kadiri miaka ilivyokwenda karabureta zikapungua. Mafundi wa rika langu wamejifunza kwenye magari hayo. Wanachomeka kompyuta na kusoma kosa. Siwalaumu, mimi pia ningefanya hivyo. Ila pikapu ya mzee haina pa kuchomeka.

Basi tukaenda Ruiru makusudi, tukazima, tukangoja. Lilikataa. Nikachomoa plagi moja: cheche ipo. Kichujio cha petroli, kile cha plastiki unachoona ndani, kilikuwa na povu tupu. Nikalowesha tambara maji nikaifunika pampu, dumu zima likaisha. Dakika tano, likawaka. Furaha niliyoipata sijaipata kwa programu yoyote mwaka huu.

Lakini kwa nini sasa, baada ya miaka yote hiyo? Hilo nililijua kwa fundi mmoja mzee pale pale Ruiru. Aliinama, akatazama kidogo, akauliza:

"Kijana, kile kipande cheusi mlikipeleka wapi?"

Baba akakumbuka. Mwaka jana pampu ilikuwa ikivuja, ikabadilishwa. Pampu mpya ilifungwa moja kwa moja kwenye injini na gasketi ya karatasi, maana kile kipande kilionekana ni uchafu wa zamani tu. Wenzangu, ni mara ngapi nimefuta mstari wa msimbo wa mtu aliyeondoka kazini kwa sababu hauna maelezo? Hesabu ninayo na siitaji hapa.

Kipande tulikipata kwenye pikapu iliyokufa, kwa bei ndogo kuliko plagi moja. Kwa kuwa ni kinene, wenzo wa pampu ulikuwa umesukumwa kupita kiasi wakati wote ule, kwa hiyo tulibadilisha pampu pia. Jumamosi tukapakia trei, tukafika Ruiru saa sita jua likiwaka, mzee akazima. Akanywa chai yote, taratibu, bila kuniangalia. Akarudi, akazungusha ufunguo mara moja, likanguruma.

"Twende Thika," akasema. "Yule mteja anaweza kuwa hajapata mayai leo."

Wiki ijayo narudi kwenye seva, nawaahidi.