Pilipili manga ilipokutana na chumvi ya Uvinza

Katika masoko ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, pilipili manga hukaa meza moja na iliki, mdalasini na binzari. Ni mgeni wa mbali. Asili yake ni Malabar, kusini magharibi mwa India, ambako mmea wake hutambaa juu ya miti. Matunda huchumwa mabichi, yakaanikwa juani hadi ganda linyauke na kuwa jeusi. Periplus, kitabu cha biashara ya baharini cha karne ya 1, kinataja bandari za pilipili za Malabar na pia Rhapta, soko la pwani yetu.

Lakini Kigoma haikusubiri pwani ndipo ijue ladha. Uvinza, karibu na Mto Ruchugi unaotiririka kutoka milima ya Kasulu, watu walichemsha maji ya chemchemi katika vyungu hadi chumvi ikabaki. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo miaka ya 1960, na matokeo yakaonyesha kuwa kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ile ilivuka hadi Burundi na Unyamwezi.

Karne ya 19 njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wa pwani waliolowea huko wakaja na dini, lugha na mapishi yao ya viungo. Watawala wa Buha, nchi ya Waha, waliijua thamani ya njia hiyo: mwaka 1871 walimtoza msafiri Henry Morton Stanley hongo, yaani ushuru wa njia, ya nguo nyingi kiasi kwamba alitoroka usiku kupitia porini. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na mizigo ikashuka kutoka vichwani mwa wapagazi.

Leo pilipili manga hutwangwa pamoja na tangawizi, ikatiwa kwenye chai ya mwenye mafua. Ukali wake unatokana na piperini, kemikali iliyotengwa na mwanasayansi Hans Christian Ørsted mwaka 1819. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa piperini husaidia mwili kufyonza kiini cha manjano. Hata hivyo, kikohozi kisichokoma ni cha kupelekwa hospitali.

Historia ya viungo vyetu husimuliwa kwa kuitazama Zanzibar. Wachemsha chumvi wa Uvinza na wapagazi wa bara wanastahili sura yao humo, kwa sababu biashara ya bara waliibeba wao.