Mwanachuoni Aliyepima Umbali

Msomaji, kabla ya mwaka wa 2007 mtu aliyefanya kazi Nairobi na kutaka kumpelekea mama yake fedha kijijini alikuwa na taabu kubwa. Alimkabidhi dereva wa basi bahasha, au rafiki aendaye likizo, akabaki akimwomba Mungu ifike salama. Ama alikwenda posta akalipa ada, na mama naye akafunga safari hadi posta ya kwao kuipokea. Mwezi wa Machi mwaka huo kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na fedha ikaanza kusafiri kwa simu ya mkononi. Leo mwanafunzi huliona jambo hili kuwa la kawaida kama kununua chumvi dukani. Lakini wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Na chombo kikiisha kuundwa, hapana budi atokee mtu wa kuuliza: Je, kimemfaa nani, na kwa kadiri gani? Aliyeuliza swali hilo kwa bidii ni Profesa Tavneet Suri.

Profesa Suri ni Mkenya, mtaalamu wa elimu ya uchumi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kisha akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka wa 2006. Baadaye akawa mwalimu katika chuo mashuhuri cha MIT, huko huko Marekani. Walakini hakuisahau nchi yake. Moja katika kazi zilizomtangaza ilihusu mahindi. Wataalamu walistaajabu kwa nini wakulima wengine wa Kenya hawapandi mbegu chotara, hali mavuno yake ni mengi. Ni rahisi kudhani kuwa huo ni ujinga. Katika makala yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yeye alionyesha kuwa sivyo. Wako wakulima ambao mbegu ile ingewazidishia mavuno kuliko wote, lakini walikaa mahali pasipo njia nzuri, na gharama ya kuipata ilikuwa kubwa mno. Mkulima alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Adui yake ulikuwa umbali.

Yakumbuke maneno hayo, msomaji, maana fedha nayo, kama mbegu, ilizuiwa na umbali. Je, simu iliushinda? Ili kupata jibu, Profesa Suri na mwenzake William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walianza mwaka wa 2008 kuzichunguza nyumba zipatazo 3,000 nchini Kenya. Nyumba hapa maana yake ni watu wapikao chungu kimoja. Wadadisi walirudi tena na tena kuwauliza watu habari za chakula chao, kazi zao na misiba yao, hata kufikia mwaka wa 2014.

Sasa tazama ugumu wa kazi yenyewe. Mtu mwepesi angewalinganisha wenye M-Pesa na wasio nayo, akaona wa kwanza wanakula vizuri zaidi, akatangaza kuwa M-Pesa huleta neema. Hesabu hiyo ingekuwa ya uongo, kwa kuwa waliotangulia kuwa na simu walikuwa tayari na uwezo kuwapita wenzao. Jogoo huwika na kukapambazuka, wala si jogoo aletaye jua. Kwa hiyo wachunguzi hao walipima jambo ambalo mwenye nyumba hakulichagua mwenyewe, nalo ni umbali kutoka kwake hadi kwa mawakala wa M-Pesa. Mawakala walikuwa wakiongezeka upesi, na nyumba mbili zenye hali moja ziliweza kutofautiana kwa sababu tu moja ilitangulia kupata wakala wa karibu.

Waliyoyaona ni haya. Katika makala ya mwaka wa 2014 walieleza kuwa mtu asiye na M-Pesa alipopatwa na dhara, kama vile ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake yalipungua sehemu 7 kwa 100. Ya mwenye M-Pesa hayakupungua, kwani jamaa zake walio mbali waliweza kumfikia na msaada. Mwaka wa 2016 walikadiria kuwa M-Pesa imezitoa katika umaskini nyumba 194,000, yaani 2 katika kila 100 za Kenya, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakashika biashara. Nyumba zilizoongozwa na wanawake ndizo zilizofaidika zaidi.

Usidhani kuwa wote waliitikia. Mwaka wa 2019 wanachuoni watatu, Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere, walitoa makala ya kuipinga hesabu ile. Walisema haikutia biashara ndogo zinazokufa, wala mzigo wa madeni. Pingamizi hilo si aibu kwa elimu. Njia ya kipimo ilikuwa imeandikwa wazi, hata mwingine akaweza kuikagua.

Nawe, msomaji, utasikia vyombo vipya vikisifiwa maisha yako yote. Usikubali upesi, wala usikatae upesi. Uliza kwanza ni nani aliyepita nyumba kwa nyumba, na alilinganisha nani na nani.