Tyubu juu ya maji ya chumvi

Leo tuache mambo ya programu kidogo. Samaki wa mapambo wa pwani yetu wamekuwa wakisafirishwa ng'ambo kwa miongo kadhaa. Mimi wangu wako hapa Changamwe, chini ya tyubu mbili, na tyubu zina historia.

General Electric ilianza kuziuza mwaka 1938, kwa ofisi na viwanda, yaani mahali pakavu. Zilikuwa nene, mm 38, na choki, lile dude zito la kutuliza mkondo, kwa kawaida ilikaa ndani ya fremu ya bati. Shida ni hapo. Mapovu ya pampu hurusha matone, matone hukauka, kisha chumvi inayobaki huvuta unyevu mpaka stima itambae kutoka kwenye holda hadi kwenye bati. Ni volti 240, nawe mkono uko majini!

Tyubu za mm 26 zilikuja miaka ya 1970, za mm 16 miaka ya 1990. Wembamba si hoja sana kwangu. Hoja ni kuihamisha choki ukutani, juu ya tangi zibaki tyubu tu na vifuniko vya mpira kwenye ncha. Yangu iko hivyo: minyororo miwili darini, bati lina waya wa ardhi, waya wa taa unashuka chini ya soketi kabla ya kupanda (tone lidondoke sakafuni), na swichi hukata stima ikivuja miliampea 30.

Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kusimamisha utengenezaji na biashara ya tyubu hizi ifikapo mwisho wa 2027, kwa sababu ya zebaki. Nina mbili za akiba.