Ramani Zilizouawa na Ukuta

Johannes Vermeer wa mji wa Delft alipochora picha ya askari na msichana anayecheka, mnamo 1657, aliweka nyuma yao ramani kubwa ya ukutani ya Holland na West Friesland. Hakuibuni. Iliandaliwa na Balthasar Florisz van Berckenrode mwaka 1620, ikachapwa na Willem Janszoon Blaeu wa Amsterdam, na Vermeer aliirudia katika picha ya mwanamke wa nguo ya buluu anayesoma barua. Picha hizo mbili ziko salama New York na Amsterdam. Ramani yenyewe, iliyokuwa bidhaa ya dukani, leo ni adimu kuliko picha nyingi za karne yake. Nakala mojawapo inatunzwa katika makumbusho ya Westfries mjini Hoorn.

Kazi iliyoingia katika ramani kama hiyo inastaajabisha. Mchongaji alikwaruza bamba la shaba kinyumenyume, mto kwa mto na herufi kwa herufi, ili maandishi yasomeke yakishachapwa. Wino ulipakwa ukajaa kwenye mikwaruzo, uso wa bamba ukafutwa ukabaki safi, kisha bamba na karatasi yenye unyevu vikapitishwa pamoja kati ya magogo mawili ya mtambo. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi wala mtambo wa kutosha ukubwa huo, ramani iligawanywa vipande vingi. Vipande viliunganishwa, vikagundishwa juu ya kitani, vikatiwa rangi kwa mkono na kupakwa vanishi, ndipo fito za mbao zikafungwa juu na chini.

Kilele cha ufundi huo ni ramani ya dunia ya Joan Blaeu, mwana wa Willem, iliyotoka mwaka 1648 ikiwa na upana wa karibu mita 3 na kimo cha takriban mita 2. Mwaka huohuo Mkataba wa Münster ulimaliza vita vya miaka 80 kati ya Uholanzi na Hispania, na Blaeu akaitunuku ramani yake kwa mjumbe wa Hispania katika mazungumzo hayo, Conde wa Peñaranda. Ndani yake alichora pwani ambazo baharia wa Kiholanzi Abel Tasman alikuwa amezifikia miaka michache tu kabla. Habari hizo hazikuwa mbali naye: tangu 1638 alikuwa mchora ramani rasmi wa VOC, Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, cheo alichokishika baba yake kuanzia 1633.

Pwani ya Waswahili imo pia katika kazi za familia hii. Ramani ya Afrika ya Willem Blaeu ya 1617 ni ndogo kuliko za ukutani, lakini imepambwa kwa mtindo uleule: pembeni watu na mavazi yao, juu picha za miji, na Msumbiji imo pamoja na Kairo, Tunis na Aljeri. Mombasa, Malindi na Kilwa zimeandikwa kwa tahajia ya Kireno, Mombaza, Melinde na Quiloa. Pwani imejaa majina. Bara limejaa tembo, simba na maziwa ya Nile yaliyorithiwa kutoka kwa Ptolemy, mwanajiografia wa kale. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na habari zao za bara, ila mchongaji wa Amsterdam hakuwa na njia ya kuzipata, naye akachora wanyama.

Kilichoziua ramani hizi ni kutundikwa. Moshi wa kuni na mishumaa ulizitia weusi, unyevu wa kuta ukazivimbisha, vanishi ikageuka kahawia na kupasuka pamoja na karatasi. Na habari mpya zilipofika, ya zamani ilishushwa ikatupwa. Februari 1672 moto uliteketeza kiwanda cha Blaeu pamoja na mabamba mengi, na mwaka uliofuata Joan akafariki.

Zilizopona zina bahati za ajabu. Mwaka 1660 Mholanzi Johannes Klencke alimletea Mfalme Charles II wa Uingereza zawadi ya atlasi yenye kimo cha karibu mita 1.75, ambayo kurasa zake ni ramani za ukutani zilizojalidiwa. Kwa kuwa hazikuwahi kuona ukuta, bado ni nzima katika Maktaba ya Uingereza.

Nakala ya ramani ya dunia ya Gerard Valck, ya mwishoni mwa karne ya 17, ilipatikana Uskoti ikiwa furushi la matambara lililotafunwa na wadudu na panya. Wahifadhi wa Maktaba ya Taifa ya Uskoti waliilainisha kwa unyevu hadi ikakubali kufunguka, wakaibandua kitani, wakaitenganisha vipande na kuvisafisha. Mwaka 2016 ilionyeshwa, sehemu nyingine zikiwa zimeliwa kabisa. Ni haki mashimo hayo yakaachwa wazi, kwani nayo ni sehemu ya historia yake.

Nakala ya ramani ya Mashariki ya Joan Blaeu, ya 1663, iliibuka Uswidi ikiwa imegeuka kahawia, ikanunuliwa na Maktaba ya Taifa ya Australia mwaka 2013. Wataalamu wa Melbourne waliiondoa vanishi, na Hollandia Nova, yaani Australia, ikasomeka tena: pwani ya magharibi imejaa majina, ya mashariki haikuchorwa, kwa kuwa hakuna meli ya Kiholanzi iliyokuwa imefika huko.