Kiti Kimoja kwa Mataifa Yote: Historia ya Mapitio ya Haki za Binadamu

Kwa miaka 60 Umoja wa Mataifa ulikuwa na Tume ya Haki za Binadamu, iliyoundwa mwaka 1946, lakini haukuwa na utaratibu wa kuikalisha kila nchi mwanachama, kubwa kwa ndogo, mbele ya wenzake na kuiuliza inawatendeaje watu wake. Utaratibu huo, unaoitwa Mapitio ya Hali ya Haki za Binadamu kwa Kipindi Maalumu na kufahamika zaidi kwa kifupisho cha UPR, ulianza kazi mjini Geneva mwezi Aprili 2008, na chimbuko lake ni aibu iliyolimbikizwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1947 Tume hiyo ilitamka yenyewe kuwa haina mamlaka ya kuchukua hatua yoyote juu ya malalamiko ya watu walioiandikia kutoka pande zote za dunia. Msimamo huo ulidumu miaka 20, mpaka nchi za Afrika na Asia zilizokuwa zimetoka kupata uhuru zilipokataa kuufumbia macho ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na mwaka 1967 Tume ikapewa ruhusa ya kuchunguza hadharani ukiukaji mkubwa wa haki. Jambo hili linastahili kusisitizwa, kwa kuwa bado wapo wanaodai kwamba kuhojiwa kwa serikali kuhusu haki za binadamu ni desturi iliyoletwa Afrika na wageni, ilhali waliolisukuma lango la mahojiano hayo hadi likafunguka walikuwa Waafrika wenyewe pamoja na wenzao wa Asia.

Hata hivyo, lango lilipofunguka, waliopitishwa hapo hawakuwa wote. Nchi zenye marafiki wengi ziliponyoka, zisizo na watetezi zikalaaniwa kila mwaka, na serikali zilizotuhumiwa zikajifunza kuwa kinga iliyo bora ni kupata kiti ndani ya Tume. Mwaka 2003 uenyekiti uliiangukia Libya ya Muammar Gaddafi, na heshima ya chombo hicho haikupona tena. Katibu Mkuu Kofi Annan alipendekeza mwaka 2005 kiundwe chombo kipya ambamo mataifa yatapimana kama watu wa rika moja, na tarehe 15 Machi 2006 Baraza Kuu liliunda Baraza la Haki za Binadamu lenye wanachama 47, kwa kura 170 dhidi ya 4, Marekani ikiwa miongoni mwa waliopinga. Kanuni za mapitio zilikubaliwa Juni 2007, na Bahrain ikawa nchi ya kwanza kukikalia kiti cha kuhojiwa.

Chini ya kanuni hizo, nchi hupimwa kwa nyaraka tatu: taarifa ya serikali yenyewe, mkusanyiko wa yale yaliyobainishwa na vyombo vya Umoja wa Mataifa, na muhtasari wa maoni ya wadau, yaani asasi za kiraia na tume za kitaifa za haki za binadamu. Waraka huo wa tatu una uzito kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu humpa mwanakijiji aliyeporwa ardhi au mfungwa aliyeteswa njia ya kufikisha neno lake kwenye meza ambayo waziri wake atalazimika kuikabili. Nchi tatu huteuliwa kwa kura ya bahati nasibu kusimamia kazi hiyo, kisha hufuata mahojiano ya saa tatu na nusu ndani ya ukumbi ambao dari lake, lililopambwa na msanii wa Hispania Miquel Barceló, linaning'iniza rangi mithili ya mawe ya pangoni. Wazungumzaji huwa wengi kiasi kwamba kila mmoja hubaki na dakika moja hivi au pungufu, muda unaotosha salamu na mapendekezo mawili matatu.

Nchi inayopitiwa huamua pendekezo lipi italikubali na lipi italipokea kama taarifa tu, na hakuna mahakama wala adhabu inayoisubiri ikikataa. Nguvu ya utaratibu mzima imo katika kumbukumbu: neno lililotamkwa huandikwa, na baada ya miaka minne au mitano hurudishwa mezani. Tanzania ilipitiwa mwaka 2011, 2016 na 2021, na mara zote tatu ilitakiwa kuifuta adhabu ya kifo, ambayo haijatekelezwa tangu miaka ya 1990 lakini ingali kwenye sheria. Mwezi Novemba 2021, wiki chache baada ya mapitio ya tatu, serikali iliondoa zuio la wasichana waliojifungua kurudi shuleni, hatua iliyodaiwa kwa miaka na wanaharakati wa nyumbani pamoja na wafadhili. Geneva haiwezi kujitwalia sifa hiyo, ingawa ilikuwa mojawapo ya sauti zilizodai hatua hiyo.

Usawa wa kiti hicho ndio roho ya mapitio, na ndiyo maana kukiacha wazi ni tendo zito. Israel haikutokea Januari 2013, ikarudi Oktoba mwaka huohuo. Marekani ilitangaza Agosti 2025 kuwa haitashiriki, na zamu yake ilipofika mwezi Novemba haikuonekana. Taifa lenye nguvu likisusia, madogo hupewa kisingizio, na anayelipa gharama ni raia asiye na mahali pengine pa kusemea.

Hata hivyo, jambo moja liko ndani ya uwezo wa Afrika Mashariki. Nyaraka rasmi za Umoja wa Mataifa hutolewa kwa lugha sita, ambazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na Kiswahili hakimo. Serikali za Tanzania na Kenya, kabla ya kupanda tena ndege kwenda Geneva, zichapishe kwa Kiswahili kila pendekezo zililolikubali na kulibandika katika ofisi za kata, ili mwananchi ajue kilichoahidiwa kwa jina lake.